Kusoma upepo na maji ya Paje kabla hujapandisha kaiti

Kila msimu ukifunguka maswali ni yale yale. "Kaka, leo upepo upo?" "Nije mwezi gani?" "Mbona programu inasema noti 12 na watu wanaruka kama panzi?" Nimeshajibu mmoja mmoja, pampu mkononi na mchanga mdomoni, mpaka nimeona heri niyaandike mara moja. Hapa sikufundishi kupanda ubao. Hiyo ni kazi ya mwalimu, ufukweni, mkiwa wawili. Nakufundisha kutazama bahari ya Paje, mashariki ya Unguja, ujue kama leo ni siku yako au ni siku ya kukaa chini ya mnazi ukatazama wenzako.

Paje swali la kwanza ni la maji. Upepo unakuja wa pili. Anayeanza hufanya kinyume: anaona minazi inayumba, anajaza kaiti haraka haraka, kisha anagundua maji yako kwenye vifundo vya miguu na yanazidi kupwa.

Ninaposema kaiti nina maana ya tiara kubwa ya kuvutia mtu majini. Noti ni kipimo cha kasi ya upepo, moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa. Ubao wa tanga ni ule wenye mlingoti unaoshikwa kwa mikono. Mengi hapa yanawahusu wote wawili, panapotofautiana nitasema.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jedwali la maji kujaa na kupwa la Zanzibar, la karatasi au la kwenye simu.
- Programu moja ya utabiri wa upepo, Windguru au Windy. Chagua moja uizoee. Wanaofungua nne huishia kuamini ile inayowapendeza.
- Taarifa ya siku ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hasa sehemu ya bahari.
- Saa ya mkononi isiyoingia maji.
- Viatu vya kutembelea mwambani. Siyo kandambili.
- Kisu kidogo cha ndoano cha kukatia kamba, kiwe kwenye mkanda wa kiunoni.
- Daftari. Utaniona mshamba, lakini hebu soma kwanza mpaka chini.
- Mtu wa nchi kavu anayejua umeingia saa ngapi.

Kipima upepo cha mkononi kizuri ukiwa nacho. Usipokuwa nacho, macho yanatosha, na nitakuonyesha.

Hatua ya 1: Jua uko katika upepo gani wa mwaka

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa ambazo mababu walisafiria majahazi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, na kwa wachezaji wa kaiti miezi yake ya uhakika ni mwishoni mwa Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Kusi hutoka kusini-mashariki. Huanza na masika, lakini utamu wake ni Juni hadi Septemba.

Ufukwe wa Paje unatazama mashariki, kwa hiyo pepo zote mbili huingia kwa ubavu zikielekea nchi kavu. Simama ukiitazama bahari: Kaskazi itakupiga kutoka kushoto, Kusi kutoka kulia. Hilo ndilo linaloifanya Paje iwe na huruma kwa anayejifunza, maana ukiharibikiwa upepo unakurudisha pwani badala ya kukupeleka kilindini. Kaskazi itakutupa upande wa Jambiani. Kusi itakutupa upande wa Bwejuu. Kumbuka majina hayo, kwa sababu ndiko utakakotembea kwa miguu na kaiti mgongoni wiki zako za kwanza. Wote tumetembea.

Kusi ni mzito na hutulia kwenye mwendo mmoja. Mara nyingi noti 15 hadi 22, na huweza kuamka mapema, saa tatu au nne asubuhi. Kaskazi ni mwepesi kidogo na ni mvivu wa kuamka. Siku nyingi hushika sawasawa adhuhuri, jua likishachoma mchanga, na kuendelea hadi jioni. Anayeanza kabisa, namshauri Kaskazi.

Kati ya pepo hizo kuna maleleji, wakati wa tanga mbili: Machi kuelekea Mei na mvua zake, na tena Oktoba na Novemba. Upepo hugeuka geuka, leo upo kesho haupo. Kama umeomba likizo ya siku tano kutoka kazini Dar, usiipoteze hapo.

Wa Diani, Kenya, pepo ni hizo hizo na mwamba upo vilevile mbele ya ufukwe, kwa hiyo mengi ya hapa yatawafaa. Saa za maji tu wachukue jedwali la kwao.

Hatua ya 2: Hesabu maji

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Paje kuna mwamba unaokwenda sambamba na ufukwe, mbali kiasi cha kilomita moja na kitu. Ndani ya mwamba ni bahari ya kina kifupi, mchanga mweupe chini. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua kubwa, tofauti ya maji yakijaa na yakipwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu tofauti hushuka hadi mita 1 hivi. Ni bahari moja, lakini kwa anayejifunza ni sehemu mbili tofauti kabisa.

Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi mpevu, na kilele chake ni siku moja au mbili baadaye. Maji mafu huja kati ya hizo, mwezi ukiwa nusu. Ukishajua tarehe ya mwezi, saa zinakuja zenyewe, na wavuvi hapa hawafungui simu kwa hilo:

- Siku za bamvua, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku.
- Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa kwenye saa nne au saa tano, hupwa kwenye saa kumi.
- Kila siku saa husogea mbele, kwa wastani dakika 50.

Sasa fanya hesabu. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa bamvua la mita 4 maana yake ni kwamba katika saa ya tatu na ya nne bahari hupanda mita nzima kila saa. Uliyeingia maji yakiwa magotini, baada ya saa moja na nusu huna pa kusimama. Na yakipwa ni vivyo hivyo, kwa kurudi nyuma.

Kwa hiyo siku ya bamvua, maji yakiwa yamepwa saa nne asubuhi, anayeanza ana dirisha fupi: takriban saa saba mchana hadi saa nane na nusu. Kabla ya hapo unacheza juu ya mchanga. Baada ya hapo maji yanapita juu ya mwamba, mawimbi yanaingia ndani, na ufukwe wenyewe unakuwa mwembamba hadi karibu na kuta na minazi. Ufukwe mwembamba ndio unaonitia hofu kuliko wimbi: huna nafasi ya kupandisha wala kushusha kaiti, na nyuma yako kuna ukuta.

Siku za maji mafu, bahari ya ndani haikauki kabisa wala haifuriki. Unapata kina cha kiunoni kwa saa nyingi mfululizo. Ukiniuliza uje lini kujifunza, nitakuuliza kwanza mwezi umri wake siku ngapi.

*Kosa la kawaida:* kusoma jedwali ukatazama saa peke yake na kuacha kimo. Maji kupwa ya mita 0.2 na maji kupwa ya mita 1.4 yote yameandikwa "kupwa". La kwanza utatembea hadi karibu na mwamba bila kulowa mapaja. La pili utaogelea.

Hatua ya 3: Soma utabiri bila kudanganyika na saa

Usicheke, hili limewapoteza wengi. Programu inaandika 15:00. Hiyo ni saa tisa alasiri. Programu nyingine huonyesha saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Hapo 12:00 ndiyo saa tisa alasiri. Fungua mipangilio, hakikisha ni saa za Afrika Mashariki, kisha geuza kwa saa za Kiswahili na uandike kwenye daftari. Nimeona kijana kutoka bara amekaa na vifaa saa tatu asubuhi akisubiri upepo wa "09" ambao kwenye programu yake ulikuwa wa adhuhuri.

Kisha tazama vitu vitatu: kasi ya wastani, kasi ya vishindo (upepo unaopiga kwa ghafla), na mwelekeo. Vishindo vikizidi wastani kwa noti 8 au zaidi, hiyo siku mimi simwingizi mwanafunzi. Na mshale uelewe: upepo huitwa kwa unakotoka.

Kwa nini programu inasema 12 na watu wanaruka? Programu nyingi huigawa dunia katika miraba ya kilomita kumi na kuendelea, na kisiwa chetu ni chembamba, hakionekani vizuri ndani ya miraba hiyo. Jua la mchana linapopasha nchi kavu, hewa ya baharini huvutwa ndani na kuongeza nguvu juu ya upepo wa msimu. Msimu wa Kaskazi hiyo nyongeza huonekana sana alasiri. Ndiyo maana nikakwambia daftari: kila siku andika programu ilisema nini na wewe uliona nini. Baada ya wiki tatu utajua uongeze ngapi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hutoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Gawa kwa 1.85 upate noti: ni kama 21 na nusu. Wazoefu wakisikia hivyo wanasugua mikono. Wewe weka ubao chini.

Hatua ya 4: Simama ufukweni robo saa, mikono mitupu

Usifungue begi. Tazama.

1. Tazama maji nje, mbali na ufukwe. Povu jeupe la hapa na pale: upepo ni noti 10 hadi 12. Povu nyingi kila upande: 15 na kuendelea. Bahari yote imekuwa nyeupe na mistari inaanza kujichora juu ya maji: imepita 20.
2. Tazama povu la mwambani. Mstari mweupe usiokatika maana yake wimbi lote linavunjika huko na ndani ni shwari. Mstari ukianza kupotea, maji yamepanda na mawimbi yanakuja kwako.
3. Tafuta mahali ambapo mstari huo umekatika, maji yakiwa ya buluu iliyokolea. Huo ni mlango. Ngalawa hupita hapo. Maji yakipwa, bahari yote ya ndani hutafuta kutokea hapo, na mkondo wake hauna masihara. Jua ulipo na ukae mbali.
4. Tazama mawingu upande unakotoka upepo. Wingu jeusi lenye pazia la mvua chini yake, likija na upepo ukazimika ghafla, usifurahie utulivu huo. Nyuma yake kinakuja kishindo, na mara nyingi kimegeuka mwelekeo.
5. Hesabu wenzako: wako na kaiti za ukubwa gani, na wanaweza kupanda upepo, yaani kwenda kuelekea unakotoka, au wote wanateremka nao?

Asubuhi mapema ukihisi upepo mgongoni, unatoka nchi kavu kwenda baharini, huo ni wa umande. Usiingie nao hata ukiwa mtamu. Ukikushinda, utakuelekeza kilindini.

Hatua ya 5: Tembea chini maji yakiwa yamepwa

Fanya hivi mara moja kabla ya siku yako ya kwanza, na rudia kila msimu. Vaa viatu, tembea kutoka ufukweni kuelekea mwambani. Utaona kila kitu ambacho baadaye kitakuwa kimefunikwa: mawe, nyasi za bahari, na wale viumbe weusi wenye miiba mirefu ambao ukimkanyaga mmoja likizo imekwisha.

Na utaona mashamba ya mwani. Kilimo hiki kilianza upande huu wa Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wa wakulima ni kina mama. Ni vigingi vilivyochomekwa mchangani na kamba zilizofungwa kati yake. Maji yakijaa huvioni, lakini pezi la ubao huviona. Nilipoanza niliwahi kupita juu ya shamba na kukata kamba mbili. Mama mwenye shamba hakupiga kelele. Alinipa kamba, akanikalisha mchangani nifunge miche ya mwani hadi maji yalipomfukuza. Vidole viliniuma siku mbili, na tangu hapo naijua mipaka ya kila shamba pale kuliko vyumba vya nyumbani kwetu.

Ukiwakuta wanafanya kazi, amkia, uliza shamba linaishia wapi. Siku za bamvua asubuhi wako wengi, kwa sababu ndipo maji yanapowaachia nafasi. Kaiti isipite juu ya vichwa vyao.

Hatua ya 6: Chagua ukubwa

Kwa mtu wa kilo 70 hadi 75, kuanzia hapa:

- noti 12 hadi 15: kaiti ya mita za mraba 12
- noti 16 hadi 20: ya 9 au 10
- noti 21 hadi 25: ya 7, na wewe uwe si mwanafunzi tena

Ukiwa mzito ongeza kidogo, mwepesi punguza. Nguvu ya upepo haikui kama namba zinavyokua: upepo ukipanda kutoka noti 12 hadi 24, mvuto hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Ukisitasita kati ya mbili, chukua ndogo.

Wa ubao wa tanga, jambo lenu kubwa ni pezi. Pezi refu linahitaji maji yasiyopungua kiunoni, la sivyo litagonga na wewe utarushwa mbele juu ya mlingoti. Dirisha lenu la bamvua ni jembamba zaidi kuliko la wa kaiti.

Hatua ya 7: Panga kutoka kabla ya kuingia

Mwambie yule mtu wa nchi kavu: naingia saa fulani, natoka saa fulani, nikikosekana nitafute upande wa Jambiani (au Bwejuu, kufuata upepo). Chagua alama mbili ufukweni, mnazi uliopinda au paa jekundu, na usiruhusu upepo ukupitishe ya pili.

Ingia maji yakiwa yanajaa. Yakijaa yanakusukuma nyumbani. Yakipwa yanakuvuta mlangoni. Kwa anayeanza sioni sababu hata moja ya kuvunja hili.

Hatua ya 8: Ukiwa ndani, endelea kusoma

Kila baada ya dakika kumi simama, kaiti juu ya kichwa, ujiulize: mstari wa povu mwambani bado upo? Kina kimefika wapi mwilini? Alama yangu iko wapi? Wingu lile limesogea? Kina kikipungua hadi magoti, toka. Kuanguka kwa kasi kwenye maji ya magoti ni kuangukia mchanga, tofauti ni kwamba umelowa.

Mambo yakienda kombo

*Upepo umekufa, kaiti imeanguka majini.* Usiivute vute kwa hasira. Kama unafika chini, tembea. Kama hufiki, vuta kifyatuo cha usalama, kusanya kamba ukizizungushia mpini unaoishikia kaiti, ifikie kaiti, shika ncha zake mbili uifanye tanga. Upepo wa ubavu ukibaki hata kidogo, utakuleta pwani polepole. Usiiache kaiti ukaogelea. Inaelea, na inaonekana kutoka mbali kuliko kichwa chako.

*Upepo umezidi ghafla.* Achia mpini kwanza. Bado unaburutwa? Vuta kifyatuo. Watu huchelewa hapa kwa kuogopa kamba kusokotana. Kamba hufumuliwa.

*Unateremka kila ukijaribu kupanda upepo.* Mara nyingi kaiti ni ndogo mno, au maji yanakwenda upande mmoja na upepo. Toka kabla ya alama ya pili, tembea urudi juu, anza tena. Usiseme "mara hii tu".

*Mkondo unakuvuta kuelekea mlangoni.* Usipigane nao uso kwa uso. Elekea pembeni, sambamba na mwamba, hadi utoke kwenye maji yanayokimbia, kisha geukia pwani. Ukipitiliza nje, baki na kaiti na ubao wako na upunge mkono juu kwa wenye ngalawa na wenzako.

*Umenasa kwenye kamba za mwani.* Shusha kaiti kwanza. Kisu ni kwa kamba zako, usikate za shamba mpaka iwe ni uhai wako. Kisha nenda ukaseme kwa mwenyewe, siku hiyo hiyo.

*Umechomwa miiba.* Usiikamue kwa meno ya mwenzako. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, toa iliyojitokeza, na ikiingia ndani sana au mguu ukivimba nenda kituo cha afya.

*Umefika, upepo haupo, na programu iliahidi.* Tazama saa. Kama ni Kaskazi na bado ni saa nne asubuhi, kanywe chai. Ikifika saa nane na minazi bado imenyamaza, andika kwenye daftari: "Programu 14, Paje 0."